Typhoon: Ndege Iliyopata Kazi Yake Karibu na Ardhi

Hawker Typhoon, ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, haikuundwa ili kupiga vifaru. Sydney Camm, mbunifu wa kampuni ya Hawker, aliitaka irithi kazi ya ndege ya kivita Hurricane, yaani kupanda upesi na kuangusha ndege za mabomu za Ujerumani. Iliruka mara ya kwanza Februari 1940, na mwaka uliofuata ikaingia vikosini na maradhi yake. Injini ya Napier Sabre, yenye silinda 24 na nguvu farasi zaidi ya 2,000, ilikuwa ikizimika angani. Hewa yenye sumu ilipenya chumba cha rubani, ikabidi marubani wavae barakoa za oksijeni tangu injini inapowashwa. Kibaya zaidi, mikia ya baadhi ya ndege ilikatika angani, na vijana wakafa bila kumwona adui. Hata bila hayo, bawa lake nene liliifanya izidi kuchoka kila ilipopanda.

Karibu na ardhi mambo yaligeuka. Huko ilizikimbiza ndege za Kijerumani za Focke-Wulf 190 zilizovizia miji ya pwani ya Uingereza, na bawa lile lile nene likabeba mizinga minne ya milimita 20, kisha roketi nane au mabomu mawili.

Huko Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, Typhoon zilizunguka angani zikingoja kuitwa. Afisa wa anga aliyekuwa mstari wa mbele pamoja na askari wa miguu alitaja shabaha kwa redio, mara nyingine mizinga ya ardhini ikairushia moshi wa rangi, na baada ya dakika chache roketi zilishuka.

Tarehe 7 Agosti, vifaru vya Wajerumani vilipojaribu kupenya kwenye mji wa Mortain, ukungu ulitoweka na Typhoon zikavivamia. Marubani walidai wameteketeza vingi. Wachunguzi wa jeshi walipoukagua uwanja, walikuta vichache tu vilivyopigwa na roketi. Hilo halishangazi: roketi hizo hazikuwa na kitu cha kuziongoza, na kifaru ni kidogo kukilenga ukiwa katika kasi huku unafyatuliwa risasi kutoka chini. Lakini walikuta pia vifaru vizima vilivyotelekezwa na wenyewe. Magari ya mafuta na risasi, yasiyo na deraya, hayakuwa na kinga yoyote dhidi ya Typhoon, na kifaru kisicho na mafuta hakiendi popote. Kuipima Typhoon kwa idadi ya vifaru ilivyotoboa peke yake ni kuipunja.