Moyo ukienda kombo, dawa usiyoihisi ndiyo ya kushikilia

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa ya mgongo. Ile kali."

Mazungumzo ya namna hii husikika kutwa nzima kwenye maduka ya dawa ya Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba. Muuzaji anakata vidonge kumi vya diclofenac, anavitia kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika 1x2 kwa kalamu, anapokea hela na kumgeukia mteja mwingine. Mwenye mgongo wake anameza kidonge cha kwanza papo hapo kwa maji ya chupa, kisha anarudi kwenye fremu yake kuuza vitenge.

Kwa wengi habari inaishia hapo. Kwa anayetumia warfarin kwa sababu mapigo ya moyo wake yanakwenda kombo, ndiyo kwanza inaanza. Warfarin inazuia damu isigande. Diclofenac inachubua ukuta wa tumbo na kuzidhoofisha chembe za damu zinazoziba jeraha. Zikikutana, mtu anaweza kuvuja damu tumboni bila maumivu yoyote, akaja kushtuka siku choo kinapotoka cheusi kama lami. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Muuzaji hakuuliza, mteja hakusema.

Ugonjwa wenyewe madaktari wetu huuita kwa kifupi AF, yaani atrial fibrillation. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Kwenye AF umeme wa vyumba vya juu unavurugika, navyo vinabaki kutetemeka pale vilipotakiwa kujikaza. Mapigo yanakosa mpangilio: mawili yanakuja haraka, moja linachelewa, matatu yanafuatana. Wapo wanaosikia moyo ukienda mbio na pumzi zikikata wanapopanda ngazi kwenda stoo ghorofa ya nne. Wapo wasiosikia chochote kwa miaka.

Hatari kubwa inatoka kwenye damu inayotuama. Katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto damu inaganda, bonge linachomoka na kupanda hadi kwenye ubongo. Mwenye AF anakabiliwa na hatari ya kiharusi inayokaribia mara tano ya ile ya asiye nayo.

Jiji lenye deni la kiharusi

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9, karibu mara tatu.

Presha ndiyo mtuhumiwa wa kwanza wa kiharusi, na presha hiyo hiyo isipotibiwa hutanua vyumba vya moyo na kuufungulia njia ugonjwa wa AF. Utafiti ulioongozwa katika Hospitali ya Muhimbili na Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kuwa kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa presha, na asilimia 16 walikuwa na AF pia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huo ni umri wa mtu aliye katikati ya biashara yake, mwenye watoto shuleni na mzigo bandarini.

Asilimia 12 ya wagonjwa hao walikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Kundi hili huwa na vijana, wakiwamo kina mama walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo anayedhani AF ni ugonjwa wa wazee peke yao hajakaa kwenye benchi la kliniki ya moyo ya hapa nyumbani.

Lipo pia suala la imani. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyokielewa kiharusi. Wakati watu wa Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, wakazi wengi wa Dar es Salaam walitaja majini na uchawi. Kijijini ndiko kulikokuwa na maelezo yaliyokaribia ya hospitali. Mjini, hatua chache kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini, mgonjwa angeweza kupelekwa kwanza kwa mganga, saa za kumwokoa zikayoyoma.

Kidonge kinachoachwa kwanza

Mgonjwa wa AF kwa kawaida hupewa dawa za aina mbili. Ya kwanza hupunguza kasi ya mapigo: atenolol, bisoprolol, wakati mwingine digoxin. Kazi yake anaihisi, kwa kuwa moyo unatulia na ngazi zinapandika. Ya pili huzuia damu kuganda, na hii haihisiki kabisa. Ukiimeza huoni tofauti, ukiiacha huoni tofauti. Ndiyo maana hela ikipungua, au safari ya mkoani ikijitokeza ghafla, ndiyo inayoachwa kwanza. Nayo ndiyo inayozuia kiharusi.

Warfarin ina bei nafuu lakini inadai kuangaliwa. Kuna kipimo cha damu kiitwacho INR, na kwa wengi wenye AF kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, bonge linaweza kujijenga. Kikipanda sana, fizi zinatoka damu, mwili unapata madoa ya damu iliyovilia, na kwa bahati mbaya zaidi damu inavuja kichwani. Kipimo hiki hakina mbadala wa kukisia, na mtu hawezi kukisoma kwa jinsi anavyojisikia asubuhi.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko eneo la Muhimbili, Upanga. Kutoka Kariakoo kwa bodaboda ni safari fupi. Kinachotenganisha soko na kliniki ni asubuhi ya kazi: mteja wa jumla kutoka Lubumbashi au Lusaka hamsubiri mtu atoke kupima damu, na machinga hana likizo ya ugonjwa. Dawa ya hilo ni kuipa siku ya INR hadhi ya siku ya kupokea mzigo: inajulikana mapema, funguo anaachiwa mtu, na haisogezwi kwa sababu ya mauzo.

Zipo dawa mpya zaidi, kama rivaroxaban na apixaban, zisizohitaji INR. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Bei yake iko juu, na kinga yake huisha ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo anayeruka dozi anabaki wazi mapema kuliko wa warfarin. Wala haziwafai wote. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa wa AF wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, ulionyesha vifo vichache kwa waliotumia dawa za kundi la warfarin kuliko waliopewa rivaroxaban. Wenye valvu za chuma nao hubaki na warfarin. Kwa hiyo usibadilishe kidonge kwa sababu jirani wa fremu kapewa kingine.

Aspirini ndogo nayo isikupumbaze. Miongozo ya sasa ya kutibu AF haiitegemei kuzuia kiharusi, na ukiiongeza juu ya warfarin bila ushauri unaongeza hatari ya kuvuja damu.

Sahani, kikombe na glasi

Wagonjwa wengi wa warfarin hutoka kliniki na sentensi moja kichwani: acha mboga za majani. Ushauri sahihi ni kula kwa kiasi kisichobadilika. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K kwa wingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarin, na daktari hupanga dozi kulingana na mlo wako wa kawaida. Ukizoea ugali, dagaa na kijiko cha mchicha kwa mama lishe kila mchana, endelea hivyo hivyo. Taabu inakuja kwa aliyeacha mboga kabisa mjini, kisha akaenda Morogoro msibani akala kisamvu wiki nzima. Wanaotumia dawa mpya hawana shida hiyo.

Tangawizi na kitunguu saumu vya kwenye mchuzi havina neno. Unga wa mlonge, vidonge vya kitunguu saumu na zile juisi za chupa zinazonadiwa kuwa zinasafisha mishipa ni habari nyingine. Vitaje kliniki kabla hujaanza, hata kama unaogopa kugombezwa.

Kahawa? Wazee wa kahawa na kashata wana sababu ya kutabasamu. Jaribio lililofanywa Marekani, Canada na Australia na kuchapishwa mwaka 2025 liliwahusu watu 200 waliokuwa wamerudishiwa mapigo ya kawaida kwa mshtuko wa umeme. Waliotakiwa kunywa angalau kikombe kimoja kwa siku walirudiwa na AF kwa uchache kuliko walioacha kahawa. Habari hiyo njema isitumike kutetea makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo hubeba kafeini nyingi pamoja na vichangamsho vingine.

Pombe haina wakili wa namna hiyo. Jaribio la Australia la mwaka 2020 liliwagawa wanywaji 140 wenye AF: nusu waache, nusu waendelee. Katika miezi sita AF iliwarudia asilimia 73 ya walioendelea na asilimia 53 ya walioambiwa waache.

Sema kabla hujapewa

Kwa mgonjwa wa AF, duka la dawa ni mahali pa kusema kabla ya kununua. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol kwa kipimo cha kawaida na kwa siku chache ni salama kuliko diclofenac na ibuprofen. Metronidazole ya tumbo, septrini na flukonazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Zote hizi zinaweza kuhitajika kweli, ila kliniki ijue ili damu ipimwe mapema na dozi irekebishwe. Sindano za takoni ziepukwe inapowezekana, kwa kuwa msuli unaweza kujaa damu. Kuumikwa, au hijama kama vituo vingi vinavyojitangaza sasa, ni kukata ngozi ya mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno, wala usijisimamishie dawa mwenyewe. Ukianguka na bodaboda ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama huoni jeraha.

Anayetaka kufunga Ramadhani aende kliniki kabla ya mwezi kuandama. Dozi ya mara moja kwa siku inaweza kupangwa baada ya futari, lakini za mara mbili zinahitaji hesabu, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Mwanamke anayetumia warfarin asingoje mimba iingie ndipo aseme, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Asiiache kimyakimya pia, maana bonge la damu linaweza kumuua yeye. Azungumze na daktari tangu anapopanga.

Na wote wa nyumbani wajue dalili tatu: uso umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno hayaeleweki. Moja tu ikitokea ghafla, angalia saa. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana na mgonjwa anaporuhusiwa kuipata, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo. Usimpe chakula, usimpe aspirini, usisubiri kisomo kiishe. Chukua vidonge vyake vyote uende navyo, kwani jina la dawa anayotumia linabadilisha uamuzi wa daktari.

Kwa wahudumu wa afya, ombi ni dogo. Kila anayekuja kupimwa presha ashikwe mkono pia, vidole viwili kwenye kifundo, kwa dakika nzima. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, apelekwe akafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Kwa wauza dawa wa Kariakoo ombi ni dogo zaidi. Kabla hujakata vidonge, uliza: "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" Na wewe mwenye AF usingoje kuulizwa. Andika kwenye karatasi jina la dawa yako na dozi yake, iweke nyuma ya kava la simu, na uionyeshe kwa kila anayekushika kwa matibabu. Kisha umeze kidonge chako cha leo kwa saa ile ile ya jana, hata kama unajisikia mzima.