Asubuhi Moja Bulapesa, Isiolo

Mtu wa pwani akitajiwa Isiolo hudhani ametajiwa mwisho wa dunia. Zamani ilikuwa na ukweli wake, kwani lami ilikoma hapo, na safari ya Marsabit na Moyale ilikuwa vumbi na mawe. Leo barabara imenyooka hadi mpaka wa Uhabeshi.

Nilisali alfajiri katika msikiti wa Jamia, kisha nikashika njia ya soko la maziwa. Soko hili ni la wanawake. Maziwa ya ngamia huletwa kwa madumu kutoka malishoni, nao huyaonja, wakayapakia katika mabasi ya Nairobi, mwendo wa kilomita 280 hivi, yakanywewe Eastleigh kabla hayajachacha. Basi likiharibika njiani, hasara ni yao.

Mama mmoja wa Kiborana alinimiminia kikombe. Yalinukia moshi, kwani vyombo hufukizwa kwa vijinga vya moto. Nikasita. Kwetu maziwa hunukia iliki!

"Kunywa, sheikh. Bila haya hujafika Isiolo."

Nikapiga bismillahi. Wallahi, funda la tatu sikusubiri kusihiwa.

Nikamwuliza habari za biashara. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 ng'ombe wake walikwisha wote, wakasalia ngamia watatu aliowanunua kwa ubishi, mumewe hataki. Hao watatu ndio waliolipa karo ya watoto.

"Na sasa mzee huwaita ngamia wake," akasema, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Honi ikalia, akanyakua dumu akakimbilia basi, nami nimeachwa na kikombe chake mkononi.

Saa nne nilikula Bulapesa: anjera, chai, na nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Hukaa siku nyingi bila kuharibika. Ni chakula cha watu wa safari. Mezani tulikuwa na Mmeru aliyeleta miraa, Mturkana, na mzee wa Kisomali, mjukuu wa mmoja wa askari wa Kiingereza waliopewa makao hapa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kiswahili chao hakijali ngeli, lakini kiliwatosha kugombania nani amlipie mgeni.

Nilinunua kopo la nyirinyiri la kupeleka nyumbani Mombasa. Nusu yake haikuvuka Nairobi.