Ghost Mulee na 2004: Kocha wa Zamani Anaguswa ama Haguswi?

Jaribu hii leo: ingia baraza yoyote ya kahawa Ukunda, ama steji ya boda pale Msambweni, useme Ghost Mulee hakufanyia Harambee Stars kitu. Maze, wazee watakutupia Tunisia 2004 kabla umalize sentensi.

Na wako na pointi. AFCON ya mwaka huo tulichapwa 3-1 na Mali, tukachapwa tena 3-0 na Senegal. Ikaonekana tumeenda utalii. Halafu mechi ya mwisho Burkina Faso wakala tatu bila: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Ushindi wa kwanza wa Kenya kwa fainali za AFCON, na huko tulianza kuenda 1972! Kwa benchi alikuwa Mulee. Ongeza miaka ambayo amechekesha watu asubuhi Radio Jambo na Gidi, utaelewa mbona kumkosoa ni ka kutusi mjomba wako.

Shida inaanza Oktoba 2020, Mulee anaporudi kushika nafasi ya Francis Kimanzi. Mwezi unaofuata tunapatana na Komoro, majirani wa hapo tu baharini. Kasarani, 1-1. Moroni, tukala 2-1. Komoro wakaenda AFCON yao ya kwanza kabisa, sisi tukabaki kwa TV. Ndiyo, Togo tuliwapiga 2-1 kwao, lakini hapo tulikuwa tushatolewa. Septemba 2021, baada ya sare na Uganda na Rwanda, yeye na FKF wakaachana.

Sasa buda, heshima ni ya kazi iliyofanyika. 2004 hakuna msee anaweza kuifuta. Lakini kuuliza mbona tulifungwa Moroni si kukosa adabu. Waulize mashabiki wa Arsenal. Wenger aliwapa ligi ya 2003-04 bila kupoteza mechi hata moja, na bado miaka yake ya mwisho walibeba mabango wakitaka aende. Akaenda 2018. Mwaka wa 2023 akasimamishiwa sanamu pale Emirates. Yote mawili yaliwezekana.

Kitu inaniuma ni hii: tukibishana jina la mtu mmoja, kocha ndiye hupewa sifa zote ama lawama zote. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache tu, hatengenezi straika hapo, anatumia waliopo. Yule dogo anapiga watu chenga mchangani Diani, ni nani wa timu ya taifa amewahi kuja kumcheki? Hiyo swali hatuwaulizi FKF.

Benni McCarthy alipewa timu Machi 2025. CHAN ya Agosti akapiga Morocco 1-0 Kasarani, akatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Kuna wasee Ukunda washaanza kumtetea ka mjomba. Wape miaka kumi.