Jina la Biashara ni Amana

Twawaona vijana wetu wakianzisha biashara ndogo ndogo: huyu afunga viungo katika pakiti, yule auza asali. La kwanza walitafutalo ni jina zuri na nembo ya kupendeza. Si vibaya. Tena twawausia waliandikishe. Kwa Tanzania Bara ni BRELA. Lakini wajue ya kuwa kuandikisha jina la biashara si kuandikisha alama ya biashara. Hiyo alama ndiyo imzuiayo mwingine asiibandike juu ya bidhaa zake; sheria ya mwaka 1986 huilinda miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Walakini sheria hulilinda jina, haiwezi kulipa heshima. Mtume wetu (s.a.w.) aliitwa Al-Amin na watu wa Makka kwa walivyomjua. Naye, kama alivyopokea Imamu Muslim, alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini. Akasema kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Basi, kijana, pakiti ikiandikwa gramu 100, na ziwe 100. Pilipili ya chini na iwe kama ya juu. Mnunuzi akirudi bila ya kuitwa, hapo ndipo jina lijengekapo.