Kielezi "When" na Kishazi Kinachokifuata

Kielezi "when" cha Kiingereza hutangulia kishazi tegemezi, lakini si kwa kazi moja. Tuchukue sentensi hii: "Tell me when he comes." Yaweza kuwa "Niambie atakapokuja", ambapo kishazi chataja wakati wa kuambia, au "Niambie anakuja lini", ambapo kishazi ni swali lililofichwa. Kiswahili hutenga maana hizi kwa "-po-" na "lini".

Kishazi cha wakati katika Kiingereza hakichukui "will", ijapokuwa tendo ni la baadaye. Kiswahili hudumisha "-taka-". Hapo ndipo mwanafunzi wetu huteleza: akiandika "Tell me when he will come", hujikuta ameomba habari ya tarehe, naye alikusudia kuarifiwa mgeni atakapofika. Yafaa basi vishazi hivi vifundishwe kwa kulinganishwa.