Zinki, Kadimiamu na Bolti za Landrova Kongwe

Wengi waliokuja kutazama Landrova zilizokusanyika Arusha mwezi wa Oktoba 2024, katika tamasha lililozileta kongwe na mpya pamoja, walizikazia macho rangi, taa na milio ya injini, na wenye magari hayo walistahili kila sifa waliyopewa. Walakini mimi, ambaye kazi yangu ni madini na jinsi yanavyoliwa na kutu, nilijikuta nikiinama kutazama vitu visivyopigwa picha: bolti za bawaba za milango, nati za breki, na springi ndogo za kabureta. Humo ndimo gari kongwe linamopona au kufa.

Bodi la Landrova, tangu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1948, lilifanywa kwa aluminiamu, maana baada ya vita chuma kilikuwa adimu kule Uingereza. Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini yanapokutana madini mawili ya tabia mbalimbali, na unyevu ukawa kati yao, hapo huzaliwa mithili ya betri ndogo, na lililo dhaifu huliwa. Na huku kwetu unyevu huo si maji matupu: gari lililotoka Natron, au lililozunguka siku nzima kandokando ya maziwa ya Momella, hurejea limebeba katika kila upenyo wake mavumbi ya magadi na chumvi, ambayo hukaa kimya wakati wa kiangazi, na masika ikifika yakaanza kazi yake. Ndiyo sababu viwanda havikuacha bolti tupu, bali vilizivika ngozi ya madini mengine.

Ngozi iliyo bora kwa hali nyingi ni zinki, nayo ina tabia ambayo rangi haina, kwani rangi ikikwaruzwa kutu huingia chini yake na kuibandua, ilhali zinki, hata ikikwaruzwa chuma kikaonekana, hujitoa iliwe yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Kila aliyeezeka nyumba yake kwa mabati anaishi chini ya hikima hiyo. Tofauti ni kwamba bati hupitishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto wa nyuzi 450 hivi, likatoka na ngozi nene; bolti ikifanyiwa hivyo meno yake huzibwa, na nati haipandi. Kwa hiyo bolti huchovywa kwa umeme.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Chuma huvuliwa grisi, rangi na kutu, kikasuuzwa, kikatiwa katika tindikali kwa muda mfupi, kikasuuzwa tena, ndipo kikatundikwa kwa waya katika chombo chenye chumvi za zinki, huku vipande vya zinki safi vikining'inia ubavuni; mkondo wa umeme ukipita, zinki huyeyuka huku na kuganda kule. Kwa ampea 2 kwa kila eneo la sentimita 10 kwa 10, robo saa hutosha kuweka mikroni 8, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Kazi nyingi mbovu nilizoziona hazikuharibiwa na umeme wala na dawa, bali na alama ya kidole kimoja chenye mafuta. Rangi ya manjano wanayoipenda wenye magari ya kale si ya zinki, bali ni ya dawa ya kromu inayopakwa mwishoni ili kuizuia zinki isiliwe haraka; nayo ile ya zamani ina sumu, hata Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwa magari mapya mwaka 2007.

Jambo moja zaidi, na hili ni la roho za watu: tindikali na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikawa chepesi kukatika ghafla bila ya onyo. Springi na bolti ngumu hazina budi kuokwa kwa nyuzi 200 hivi, kwa saa kadhaa, kuanzia kabla saa nne hazijapita tangu zitoke kwenye chombo. Fundi asiye na tanuri ya kupimika joto asichovye kitu cha breki.

Sasa niingie katika kadimiamu, ambayo iligunduliwa na Friedrich Stromeyer mwaka 1817 akichunguza madini ya zinki, na ambayo bolti nyingi za magari ya Kiingereza ya enzi zile zilivikwa. Fadhila zake ni za kweli: huteleza, nati ikafunguka hata baada ya miaka, hustahimili chumvi, tena hupatana na aluminiamu. Lakini ni sumu ikaayo mwilini miaka na miaka, ikaharibu figo na kuilegeza mifupa. Wajapani wa bonde la mto Jinzu, waliokula mchele uliomwagiliwa maji ya migodi, waliumia kwa maumivu yasiyosemeka, na mwaka 1968 serikali yao ikakiri kwamba chanzo chake ni kadimiamu. Nasi maji ya mto Themi, yapitayo katikati ya mji wa Arusha, humwagilia mboga, kisha hushuka mto Kikuletwa, hata bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Basi hukumu yangu ni kwamba hapa Arusha isichovywe kadimiamu kamwe, hata kwa ajili ya gari lililo zuri kupita yote.

Iliyobaki ni ile iliyokwisha kuwamo magarini. Katika gereji moja ya eneo la Unga Limited, hapa Arusha, nilimkuta kijana akiipiga kwa moto wa gesi bolti kongwe iliyogoma, moshi ukimpanda usoni. Kadimiamu huchemka kwa nyuzi 767, moto ambao gesi huupita kwa urahisi, na mvuke wake huweza kuyajaza mapafu maji usiku uleule, na kuua. Kwa jicho huwezi kuitenga na zinki. Kwa hiyo, ndugu fundi, bolti ya kale isiyofunguka uitie mafuta ya kulegezea, uiache hadi asubuhi, na ikikataa uikate kwa msumeno wa mkono huku imelowa mafuta. Usiipige moto, wala usiisugue kavu kwa brashi ya waya.