Msitupe tembe, nendeni mkapimwe

ILIKUWA Jumamosi, na soko la Busia upande wa Uganda lilikuwa limefurika watu. Nilikuwa nimetoka Tororo kununua mukene, wale samaki wadogo ambao hatua chache tu ng'ambo ya mpaka huitwa omena.

Anayeniuzia ni rafiki yangu wa tangu utotoni. Wazazi wetu walikimbilia Kenya mwaka wa 1987 vita vilipoingia Teso, nasi tukasoma darasa moja huko. Hadi leo tukikutana tunazungumza Kiswahili cha shule.

Siku hiyo nilimkuta mjamzito. Mimba ya saba.

"Mwalimu, wacha tu," aliniambia. "Nilisikia tembe za kupanga uzazi zinaleta kansa ya mlango wa kizazi. Nikatupa pakiti yote. Matokeo ndiyo haya."

Nilimuuliza kama alienda kupimwa. Akacheka. "Nipimwe nini na siumwi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemeza tembe miaka tisa bila kupimwa hata mara moja, ilhali shuleni huwa napanga foleni wasichana wa miaka 10 wachanjwe dhidi ya ugonjwa huo huo! Uganda ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka wa 2015, na Kenya ikafuata mwaka wa 2019.

Msomaji, uvumi aliousikia rafiki yangu una ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu.

Kansa hii husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008 kwa kugundua jambo hilo. Aina mbili za virusi hivyo, yaani 16 na 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya kansa hii.

Wanawake wengi huambukizwa, na mwili huvishinda virusi wenyewe. Kwa wachache, virusi hubaki na kubadilisha seli polepole. Mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa kansa, au miaka mitano hadi 10 kwa mwenye Ukimwi ambaye hajatibiwa.

Hapo ndipo homoni zinapoingia. Wakati wa kubalehe na wa ujauzito, homoni ya estrojeni husukuma seli laini za ndani ya mlango wa kizazi zitokeze nje, ambako hugeuka taratibu kuwa ngumu. Virusi hushika kwa urahisi mahali hapo panapogeuka. Aidha, panya wa maabara waliowekewa jeni za HPV aina ya 16 walipata kansa walipopewa estrojeni kwa muda mrefu.

Kwa ufupi, virusi ndivyo mbegu, na homoni ni mvua. Mvua peke yake haioteshi mahindi pasipo mbegu.

Mwaka wa 2007, jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliojumlisha tafiti 24 kutoka nchi mbalimbali. Waliokuwa wakitumia tembe zenye homoni mbili kwa miaka mitano au zaidi walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wasiotumia. Hata hivyo, hatari hiyo ilipungua walipoacha, na baada ya miaka 10 ikawa sawa na ya wengine. Kwa wanaotumia sindano ya depo, ongezeko lilikuwa dogo zaidi.

Mara mbili inatisha, lakini tuhesabu kama wafanyabiashara. Katika nchi kama zetu, kati ya wanawake 1,000, wanaotumia tembe miaka 10 huongeza takriban mgonjwa mmoja tu kufikia umri wa miaka 50.

Sasa linganisha na uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake wenye virusi, waliozaa mara saba au zaidi walikuwa na hatari karibu mara nne ya wasiozaa. Mimba nayo huja na homoni tele. Rafiki yangu aliruka majivu akakanyaga moto.

Hatari kubwa zaidi ni kutopimwa. Mwaka wa 2020, ilikadiriwa kuwa karibu wanawake 7,000 nchini Uganda walipatikana na kansa hii, na zaidi ya 4,600 wakafa.

Juma lililofuata nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja, akaona doa jeupe. Moyo ulinipasuka. "Hii bado si kansa, mama," alinituliza. Alipachoma kwa kifaa cha joto siku hiyo hiyo, na nikaenda nyumbani kwa miguu yangu. Niliporudi baada ya mwaka mmoja, doa halikuwepo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kupimwa kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wenye virusi vya Ukimwi, ambao hatari yao ni mara sita. Aliyechanjwa pia apimwe umri huo ukifika.

Kwetu sisi wa mpakani kuna jambo jingine. Mtu hupimwa Busia ya Kenya, na siku ya kurudi inamkuta Tororo akishusha mzigo. Weka kadi ya kliniki pamoja na kitambulisho, na uionyeshe popote utakapotibiwa, upande wowote. Kama unatumia tembe au sindano, endelea huku ukipimwa. Ukitaka kubadilisha, muulize muuguzi kwanza.

Rafiki yangu amekubali. Mtoto akifikisha miezi mitatu tutakwenda pamoja, na siku hiyo nitamlindia meza ya mukene kwanza hadi apate wa kumwachia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.